Hodi Katika Barabara ya Mizabibu

Mimi mwenyewe sijafika umri wa kustaafu. Uliofika ni mgongo wangu, nami nikaona si uungwana uende peke yake. Mliniaga kwa keki yenye jina langu lililokosewa herufi, mkaniomba niseme machache, nikasema machache kuhusu winchi ya kunyanyulia wazee, kisha koo likanikaba. Kwa hiyo nayaandika niliyoshindwa kuyasema. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mtazipata jikoni, tena kwa ufasaha kuliko wangu. Nataka kuwaelezeni habari za gari. Sasa ni lenu, na kuna jambo moja juu yake ambalo hamtafundishwa na mtu mwingine.

Nyumbani Morogoro nilikuwa mwalimu wa jiografia. Miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu tabianchi ya Mediterania: kiangazi cha joto na ukavu, kipupwe cha mvua, mazao yake zabibu, zeituni na malimau. Niliyafundisha kwa sauti ya mtu aliyelala huko jana. Ukweli ni kwamba mizabibu pekee niliyowahi kuiona ilikuwa ya Dodoma, ambako hakuna bahari ya aina yoyote. Nilipomfuata mke wangu Sydney, vyeti vyangu vilitazamwa kwa heshima na kurudishwa kwenye bahasha yao. Nikasoma kozi fupi ya utunzaji wa wazee Bankstown, ghorofa ya juu ya duka la mikate, na mpaka leo nikinusa mkate wa ufuta nakumbuka namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani.

Siku yangu ya kwanza katika nyumba yetu ya wazee hapa Lidcombe nilikabidhiwa kwa Mama Furaha. Wengi wenu mmemkuta. Kwa ambao hamkumkuta: alikuwa mwanamke wa Uvira, kule Kongo, mfupi, mwenye viatu vya raba vyeupe kuliko mashuka yetu, na alikuwa ameshawazika wazee wengi wa nyumba hii kuliko padri wao. Alilitazama shati langu lililopigwa pasi na kalamu mfukoni.

"Weye ni mwalimu," akasema. Halikuwa swali.

"Nilikuwa."

"Bon. Toa kalamu, itachoma mutu. Na ku mlango wa muzee haugongi tu kama polisi. Unasema hodi."

Taratibu za nyumba, zilizobandikwa ukutani, zilitaka mhudumu agonge na ataje jina lake. Lakini jina la mhudumu lina faida gani kwa mtu aliyesahau lake? Mama Furaha alipaza "Hodi!" kwenye kila mlango, akangoja, na kutoka ndani zikamjia sauti za wazee wa Kiitaliano, Kigiriki na Kilebanoni, watu ambao asubuhi hiyo hawakujua wako bara gani: "Karibu!" Alikuwa amewafundisha wote. Waliosahau majina ya watoto wao walikumbuka kujibu karibu.

"Akiisha sema karibu, chumba ni yake," aliniambia. "Ukiingia bila hodi, umemuibia nyumba. Na hana ingine."

Kulikuwa na kanuni moja ya nyongeza, nayo ishikeni, kwa sababu habari hii yote inaizunguka. Kwetu, kama mnavyojua, ukibisha hodi tatu bila kujibiwa unageuka na kwenda zako. Hapa kazini ni kinyume: hodi ya tatu ikinyamaziwa, unasukuma mlango, maana huenda mtu ameanguka. Mama Furaha alinikumbusha jambo hilo tena na tena mpaka nikakereka. Nilikuwa na shahada.

Gari lilikuja baadaye. Fundi mmoja wa Bankstown ambaye mama yake alikuwa kwetu alikata gari dogo la zamani, akatupa boneti na buti, akaacha viti vya mbele na vya nyuma, usukani, gia, breki ya mkono na milango miwili. Lilisukumwa mpaka kwenye chumba cha mwisho cha ukumbi, kinachopakana na reli, likawekwa mbele ya skrini iliyofunika ukuta mzima. Kwenye skrini inachezwa filamu moja tu: barabara nyembamba ya mashambani, imepigwa kutoka ndani ya gari linalotembea. Mizabibu pande zote mbili imepangwa mistari kama daftari la mtoto mwenye bidii. Vijiji vya mawe juu ya vilima. Kuta za chokaa, mizeituni, kanisa dogo, daraja, kisha mizabibu tena. Mwishoni barabara inapinda kushoto, inaingia kijiji cha mwisho, na gari linasimama mbele ya nyumba ya mawe yenye mlango wa buluu. Hapo picha inaganda.

Filamu haina sauti. Pia haina mtu. Hilo sikuligundua mpaka nilipokuwa nimeshaendesha mara nyingi: katika vijiji vyote vile hakuna hata mmoja anayevuka njia, hakuna mbwa, hakuna nguo inayoanikwa. Msimamizi wetu alisema ilipigwa adhuhuri, saa ambayo watu wa kule hujifungia ndani kukwepa jua. Nilikubali. Mimi ndiye niliyefundisha habari za kiangazi cha joto na ukavu.

Kazi ya dereva mtaizoea. Abiria wanachukuliwa alasiri, ule wakati wazee wanapoanza kutafuta makoti yao waende nyumbani. Kwanza mkanda, na usikike ukibana, maana sauti hiyo ndiyo inayowatuliza kuliko dawa. Feni iwashwe upande wa dirisha la abiria, na kitawi cha rosmari kifungwe mbele yake. Kwenye kona, badilisha gia na unyamaze. Dereva anayeongea kwenye kona hawamwamini. Mfuko wa kutapikia uwe karibu, kwa kuwa wapo wanaougua safari ndani ya gari lisilo na magurudumu. Injini nilikuwa nikiiiga kwa mdomo, mpaka mke wangu akaniambia naunguruma usingizini. Treni ya mizigo ikipita nje, viti vyote vinatetemeka, na wazee wanalalamika kwamba serikali haitengenezi barabara. Hapo wanakuwa na akili timamu kabisa.

Tatizo lilikuwa kufika. Picha ilipoganda, abiria hawakutaka kushuka. Walilia. Walikuwa wamekaribia nyumbani na ghafla dereva anafungua mlango ili warudi kwenye ukumbi unaonuka supu. Siku moja, nikiwa sijui la kufanya, niliielekea skrini na kupaza, "Hodi!" Bibi aliyekuwa kando yangu akajibu palepale, kwa mazoea, "Karibu!" Akafungua mkanda mwenyewe, akashuka akiwa ametosheka kabisa, akaomba chai.

Niliona nimevumbua kitu. Nilikieleza kwenye mkutano wa wafanyakazi, nikachora hata mchoro. Mama Furaha alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, ile nyumba ya mlango buluu, ni ya nani?"

"Ni sinema, Mama Furaha."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni ya nani."

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Na unaipigia hodi kila siku." Akatikisa kichwa. "Kama mutu wa siasa."

Nilicheka. Nikaendelea na hodi zangu.

Wa kwanza kunisumbua alikuwa Mzee Butros, mtu wa milima ya Lebanoni, aliyekuwa kipofu tangu kabla hajaja kwetu. Alipenda gari kwa ajili ya feni na rosmari. Alasiri moja, tulipoanza kupinda ile kona ya mwisho, alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo, akaivaa tena. Filamu haina sauti, kama nilivyosema, na treni haikuwa imepita.

"Unamsalimia nani, Mzee?"

"Yule mwanamke wa mlangoni."

"Mwanamke gani?"

"Wewe ndiye dereva," akasema kwa kukerwa, "na unaniuliza mimi?"

Nilijiambia kwamba alikuwa ameihesabu kona kichwani, jinsi vipofu wanavyohesabu, na mengine ni utani wa kizee. Alikuwa na utani mwingi. Lakini Bibi Rosaria, Mwitaliano ambaye hakuwahi kupanda naye na hawakuwa na lugha ya kuzungumza pamoja, naye alianza, akifika kwenye kona ileile, kupitisha kiganja juu ya nywele zake, akizilaza, kama mwanamke anayekaribia kuonwa.

"Ametoka nje," aliniambia siku moja.

"Nani, Bibi?"

Alinitazama vile wanafunzi walivyokuwa wakinitazama nilipouliza swali ambalo walijua silijui jibu lake.

Niliingia chumbani peke yangu wakati wa mapumziko ya mchana, nikaitazama ile sehemu polepole, picha kwa picha. Mlango umefungwa. Hakuna mwanamke. Nilitulia, nikatoka, nikamkuta Mama Furaha akikunja taulo, nikamwambia kwa furaha ya kitaaluma kwamba pale hapana kitu, ni ukuta, mlango na kile kiti cha majani.

"Kiti gani?"

"Cha kando ya mlango. Kile cha majani makavu, kimelegea mguu."

"Hakuna kiti, Mwalimu."

Tukarudi, tukatazama. Hapakuwa na kiti. Na mimi nilikuwa nimekitaja kwa abiria safari baada ya safari: tumefika, kile pale kiti, kimelegea mguu, usije ukakikalia. Mama Furaha alisimama akiitazama skrini, taulo mkononi. Hakuniambia nililotarajia.

"Kama alikuwa anakaa inje," akasema taratibu, "na kiti kimerudi ndani, sasa anangoja mutu abishe vizuri."

Kwa muda niliacha kubisha. Nilisema "tumefika" nikavuta breki ya mkono. Abiria wakaanza kulia tena. Nikarudia hodi, ila moja tu, ya haraka, na mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango wa gari.

Sasa niwaambieni vizuri juu ya Bibi Rosaria na mwanawe. Rosaria alitoka kijiji cha kilimani kusini mwa Italia, akaja Sydney kwa meli akiwa binti, na Kiingereza chake kikamtoka mapema kuliko meno, yakabaki maneno machache ya kumwamuru dereva. Mwanawe, Sal, ni fundi wa vigae anayeishi Penrith. Alhamisi akimaliza kazi aliendesha pikapu yake mpaka hapa, akiwa na saruji hata kwenye nyusi. Na kila Alhamisi mama yake aliukumbatia mkoba wake alipomwona, akampigia kelele atoke. Alimdhania ni mtu aliyetaka kununua nyumba yao kwa bei ya kutupa. Hatukujua kama mtu huyo aliwahi kuwapo. Sal alikuwa akisimama kwenye korido na mfuko wake wa matunda ya pichi, jitu la mabega mapana, akisubiri apoe.

"Sitaki mengi, rafiki," aliniambia siku moja, akilitazama tunda moja mkononi. "Jina tu. Aniite jina mara moja kabla hajaenda. Baada ya hapo aninunie mpaka basi."

Nilimweka kiti cha nyuma. Wazo lilikuwa la kipuuzi lakini lilifanya kazi: ndani ya gari, mama yake hakumfukuza.

"Nani huyo nyuma?" aliuliza.

"Abiria, Bibi. Tumempa lifti."

"Ananuka saruji."

"Ametoka kazini."

"Mwambie asiguse mizigo."

Basi Alhamisi zikawa hivyo. Rosaria mbele, mimi kwenye usukani, Sal nyuma, magoti yake yakigusa mgongo wangu wenye historia. Mizabibu ikapita. Sal alikuwa akinong'ona majina ya vitu kwa lahaja ya mama yake, zeituni, kisima, mnara, na mara nyingine mama yake alimsahihisha bila kugeuka. Alikuwa radhi kumsahihisha abiria yeyote. Jina hakulitaja.

Kisha akaacha kula. Kijiko kilipokaribia alifumba mdomo na kugeukia ukutani. Daktari alizungumza na Sal kwenye chumba kile chenye sanduku la karatasi laini za kufutia machozi, na nyote mnajua watu wakiingizwa humo wanaambiwa nini. Sal alitoka akaniomba kitu kimoja: safari nyingine. Haikuwa Alhamisi. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini na buti zake.

Tulimhamisha Rosaria kwa winchi, tukamkalisha kwenye gari na mto pande zote. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Nilibana mkanda, nikawasha feni, nikaanza. Hapakuwa na lolote la ajabu njiani. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nikitafuta. Mizabibu, kanisa, daraja. Mwanga ule mweupe juu ya kuta. Madirisha yaliyofungwa kila kijiji, na nyuma ya kila dirisha ule ukimya wa nyumba ambayo watu wake wamesimama bila kusogea mpaka mgeni apite. Sal hakunong'ona kitu. Kwenye kona ya mwisho Rosaria, ambaye kutwa nzima hakuwa ameinua mkono, aliuinua na kuzilaza nywele zake.

Gari likasimama. Mlango wa buluu. Picha ikaganda.

Nilifungua kinywa nibishe. Rosaria aliweka vidole vyake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye gia, akanizuia. Akabisha mwenyewe.

"Odi."

Hakuwahi kuimudu ile herufi ya kwanza. Sauti ilikuwa ndogo lakini iliyonyooka. Tukangoja. Kwa kawaida ni yeye angejibu, au yeyote aliyekaa pale. Lakini mwenye kubisha hajijibu, hilo hata yeye alilijua. Feni ilizunguka. Rosmari ikatikisika.

"Odi."

Kimya. Nilimwona Sal kwenye kioo kidogo cha ndani. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi. Nilijua anachokijua: kwamba hodi hujibiwa karibu, kama alivyotusikia sisi siku zote. Nilijiambia, atamjibu, na itakuwa vizuri. Halafu nikatazama mlango na nikatamani asijibu mtu, hodi ya tatu inyamaziwe, tugeuke twende zetu kama watu wenye adabu. Sikujua tena tuko ndani ya kanuni ipi, ya nyumbani au ya kazini.

"Odi," akasema Rosaria kwa mara ya tatu.

"Karibu."

Haikuwa kubwa. Ilikuwa karibu ya mtu mwenye unga mikononi, aliyekuwa akikutarajia na hawezi kuja kukufungulia. Rosaria alishusha pumzi ambayo naamini aliibeba tangu melini. Kisha akageuka. Hakuwa amegeuza shingo ile kwa wiki nyingi, lakini aligeuka akamtazama yule abiria wa nyuma kuanzia nyusi mpaka chini, akasema maneno ambayo Sal alinitafsiria baadaye. Jina lenyewe halikuhitaji tafsiri.

"Turi," akasema. Ndivyo wanavyowafupisha akina Salvatore kwao. "Turi, vua viatu. Vimejaa vumbi. Utaiaibisha nyumba."

Mwanamume yule mzima aliinama akafungua kamba za buti zake, moja baada ya nyingine, bila kuzikosea, huku machozi yakidondoka kwenye ngozi ya viatu. Akabaki na soksi, moja ina tundu. Mama yake aliliona tundu. Alisema jambo kuhusu tundu pia.

Mama Furaha akaingia na sinia la chai, mkate na maziwa ya moto. Rosaria alikula. Alikula mkate uliochovywa kwenye maziwa kutoka mkononi mwa Sal, akimwita Turi kila tonge, akimwuliza kama ameshawalisha kuku. Sal akamjibu ameshawalisha. Ilidumu mpaka chai ilipopoa. Kisha kichwa kikalala, na tulipomrudisha kitandani hakurudi tena upande wetu. Alitutoka kabla ya Alhamisi iliyofuata, Sal akiwa ameushika mkono wake.

Lakini jioni ileile ya safari, tulipokuwa tumesimama kwenye korido, nilimwambia Sal: "Ahsante kwa kumjibu. Ulijibu vizuri. Hata matamshi."

Akaniangalia. "Mimi sikujibu. Nilitaka, sauti haikutoka. Si ulijibu wewe?"

Nikamwambia kwamba mimi pia sikujibu. Sal alitazama buti zake alizokuwa amezishika mkononi, akazigeuza, akaniuliza kama nimeona zina nini. Siku hiyo alikuwa amekata vigae vyeupe bafuni mwa mtu. Vumbi lake lilipaswa kuwa jeupe. Nilirudi kufagia chumba cha gari. Chini ya kiti cha nyuma palikuwa na udongo kidogo, mwekundu, laini. Kuna aina ya udongo mwekundu unaotokana na mawe ya chokaa katika nchi za Mediterania. Niliwahi kuutungia swali la mtihani. Niliumwaga pipani bila kutoa maoni ya kitaalamu.

Kwenye sinia kulikuwa na vikombe vinne. Cha Rosaria, cha Sal, changu, na kimoja kilichojazwa na hakijaguswa.

"Hiki ni chako?" nilimwuliza Mama Furaha.

"Mimi sinywake chai alasiri. Unajua."

"Basi cha nani?"

"Nilikuwa ku mlango na sinia, Mwalimu. Nikamusikia mama mwenye nyumba anakaribisha." Akakimwaga kikombe kwenye sinki kwa uangalifu, kama maji ya mgonjwa. "Ningeleta vitatu?"

Baada ya hapo niliendesha miaka mingine na sikubisha tena, hata abiria walipolia. Mama Furaha aliporudi nyumbani kwa watoto wake, akipumzisha viatu vyeupe, aliniachia ufunguo wa chumba. Mnakumbuka pia walipotununulia filamu mpya, yenye muziki na watu wanaopunga mikono na kuonja mvinyo. Abiria waliichukia. Mzee Butros, Mungu amrehemu, alisema kule kuna kelele na hakuna mtu. Ile ya zamani ikarudishwa.

Sasa niwaambie la siku ya keki. Mlipokuwa mkitafuta kisu, nilikwenda chumba cha gari kuchukua sweta yangu. Ilikuwa mchana, taa zimewashwa, skrini imezimwa. Nilikaa kidogo kwenye usukani kwa ajili ya mgongo. Feni ilikuwa imezimwa pia, lakini rosmari ilinukia. Kisha kutoka ukutani, kutoka upande wa pili wa skrini ambako hakuna chumba, kuna reli tu, mtu akabisha.

"Odi."

Nimefundisha kazi hii, na jambo la kwanza tunalofundisha ni kwamba hodi hujibiwa. Nilishika usukani kana kwamba kuna mahali unaelekea.

"Odi," ikasema tena, bila haraka, bila kukasirika, kama mgeni anayejua wenyewe wapo ila mikono yao ina unga.

Ya tatu sikuingoja. Nilitoka, nikala keki, nikazungumza kuhusu winchi, na sasa mnajua koo lilikabwa na nini.

Jioni nilimpigia simu Sal. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, nikimwomba radhi kila sentensi ya pili, jinsi msomi anavyofanya akilazimika kusema jambo asiloweza kulitetea. Nilimsikia akizima mashine ya kukatia vigae.

"Ulijibu?" akauliza.

"Hapana. Zilipigwa mbili tu."

"Basi bado moja," akasema.

Atakuja Alhamisi kutoka Penrith, akimaliza kazi. Msimwulize kitu. Atavua buti mwenyewe mlangoni. Mpeni kiti cha nyuma, washeni feni, halafu mtoke, mfunge mlango taratibu. Na atakayekuwa zamu ya chai apeleke vikombe viwili.